Vyerehani Upande wa Mikasi

Lori lilirudi kinyumenyume mpaka mlangoni pa karakana, na Mama Mkasi akajua kazi ya maisha yake inakuja kuvunjwa na watu wanaocheka.

Walikuwa watu wa klabu ya kujitolea, wafanyabiashara wa pande zote mbili za mto ulio mpakani, fulana nyeupe zimenyooka kwa pasi, kila mmoja kavaa uso wa harusini. Mwenyekiti wao alikuwa mwanawe wa kumzaa, muuza saruji, ambaye utotoni alilala chini ya meza hizi hizi za kukatia.

"Mama, hodi! Vyerehani hivyo, vya umeme, vipya kabisa. Wa ng'ambo nao wamepelekewa meza na mikasi leo asubuhi. Sasa kila upande unajitegemea."

"Nani kakwambia tunataka kujitegemea?"

Wageni wakacheka. Walidhani ni utani wa mzazi kwa mwanawe.

Haukuwa utani. Upande huu wa mto walikata tu. Kola, mikono na mifuko ya sare za shule ilikatwa hapa, ikafungwa mafurushi, ikavuka daraja. Upande ule walishona tu. Hapa hapakuwa na cherehani hata kimoja, na kule hapakuwa na mkasi ila wa kukatia uzi. Vita vya mpakani vilipokwisha, vikiwa vimemla mume wa huyu na kaka wa yule, wanawake wawili walikaa wakapanga hivyo kwa makusudi, ili asiwepo mtu wa kumaliza shati peke yake. Watu waliwacheka mpaka wakawapa majina: huyu Mama Mkasi, yule Mama Sindano.

"Dunia imekwenda, mama," mwana alisema kwa upole. "Daraja likifungwa mnakaa bure. Tunawapunguzia adha."

Mkewe, ambaye naye ni mkataji, akadakia. "Hapo mama, mwanao hajakosea. Mimi nimechoka. Kola zangu zikirudi zimepinda, namlaumu mtu hata simwoni."

"Humwoni? Kila furushi likirudi unavuka kwenda kugombana naye, halafu unarudi na habari za meno ya mtoto wake!"

Wakataji wakaangua kicheko. Mama Mkasi hakucheka. Akamgeukia mkwewe.

"Niambie, mkwe wangu. Mwaka jana vijana walipojaza mawe darajani kwa ugomvi wa mpira, ulikwenda kuyatoa na mimba yako. Uliyatoa kwa mapenzi?"

"Mapenzi gani, mama? Shule zilikuwa zinafunguliwa na sare hazijashonwa!"

"Haya. Na wa kule waliyatoa kwao, huku wakitutukana. Tukakutana katikati, matusi mdomoni na mawe mikononi. Amani yetu ndiyo hiyo, imekaa kama ugomvi wa jikoni, lakini watoto wamevaa." Akamgeukia mwanawe. "Na wewe unaniletea ya kupigia picha!"

"Mama, mbele za watu..."

"Watu hao hao ndio nataka wasikie!"

Akachukua simu, akampigia Mama Sindano. Sauti ya kule ilikuja baridi.

"Nimesikia umeletewa vyerehani. Hongera. Ungeniambia tu umenichoka, mwenzangu. Basi na mimi meza nimezipokea."

Simu ikakatwa.

Mama Mkasi alibaki ameishika sikioni. Alikuwa amezika mume, na bado hakukumbuka hasira iliyompanda kifuani namna ile.

"Mmeona? Uzi haujapita kwenye sindano, na tumeshaanza kununiana. Hata vijana wenye mawe hawakutuweza hivi!"

Akatoka, akapanda mbele ya lori, akakaa kando ya dereva. "Washa. Tunavuka."

"Mama, klabu ilipiga kura!"

"Pigeni nyingine njiani."

Mwenyekiti akapanda nyuma, akakaa katikati ya maboksi na fulana yake nyeupe. Wenzake walitazamana, mmoja akamfuata, kisha mwingine.

Ng'ambo, Mama Sindano alikuwa amesimama mlangoni pake, mikono kiunoni. Nyuma yake meza mpya ziling'aa.

"Umekuja kunionyesha?"

"Nimekuja kukuachia. Vyote. Nami nataka meza zangu, usinibanie."

Mama Sindano alitazama maboksi, akamtazama mwenyekiti aliyekuwa akishuka na vumbi magotini. Hakutabasamu. Dereva akazima injini.

"Na ule mkasi mkubwa?" aliuliza. "Nilikuwa nimeanza kuupenda."

"Hasa huo. Lete!"

"Mchoyo wewe." Akageuka, akawaita mafundi wake. "Njooni mbebe meza za mwenyewe! Na wewe, mwenyekiti, shika upande huo, usisimame kama unangoja kupigwa picha."

Mwana akashika upande aliooneshwa.