Anayesimama Amejitoa

Kadi alijua kwamba mwaka ule ukimpita bila beji ya kimataifa ya uamuzi wa soka, basi tena. Vijana walikuwa wanampumulia kisogoni, na magoti yake yalishaanza kumsengenya. Jina hilo la Kadi alipewa na wachezaji, maana mkono wake haukuwa mzito kuingia mfukoni.

Asubuhi ya jaribio la mbio la kuwania beji hiyo alikwenda uwanjani na mdogo wake Kitinda, kitinda mimba wa mama yao, ambaye naye alikuwa mshika kibendera. Njiani mdogo mtu akawa anajikanda kifua.

"Kaka, hapa panabana tangu jana."

"Umwambie daktari akukate jina? Kaza roho."

"Roho nimeikaza, kifua ndicho kinachokataa." Akacheka mwenyewe. "Nikifa usinipe kadi ya njano kwa kupoteza muda."

Mkufunzi aliwapanga, akawakumbusha sheria: filimbi ikilia unakimbia hadi kwenye koni, ikilia tena unatembea, hivyo hivyo mpaka mizunguko iishe. "Anayesimama amejitoa. Sitaki kusikia visingizio vya mama mkwe anaumwa."

Mizunguko ikielekea mwisho, Kitinda akaanguka kando ya koni. Wenzake wakacheka, kwa sababu ilikuwa kawaida yake kujilaza akiwaigiza wachezaji wanaotafuta penalti. Kadi naye alicheka kwa pumzi iliyobaki. "Inuka, mwehu wewe!" Akampita.

Alipozunguka akafika tena pale, mdogo wake alikuwa vilevile, ila vidole vimeng'ang'ania nyasi na midomo imepauka. Macho yao yakakutana.

"Kaka," alisema, kwa sauti ya mtu anayeomba maji.

Hapo Kadi alijua si mchezo. Filimbi ikalia. Akasogea njia ya nje asije akamkanyaga, akakimbia.

Aliyesimama ni mwamuzi mmoja mwanamke aliyekuwa mkiani. Alipiga magoti, akakipakata kichwa cha Kitinda, akamwita daktari kwa yowe. Mwanamke huyo mwaka ule beji aliikosa. Kadi alimaliza mzunguko wa mwisho, ndipo akarudi mbio, akakuta mlango wa gari la wagonjwa umeshafungwa. Kitinda alikata roho njiani, mkono wake umo mkononi mwa mwanamke asiyejua hata jina la mama yao.

Msibani, mama yao alimwita Kadi chumbani.

"Ulimwona?"

"Nilimwona, mama."

"Alikuita?"

Kadi alitazama ukuta. "Aliniita."

"Ukafaulu?"

"Nilifaulu."

"Hongera," mama alisema, akajifunika khanga usoni.

Beji ilikuja. Kadi akapanda ndege, akapuliza filimbi kwenye viwanja vikubwa, na mabingwa wa dunia wakamwita bwana. Kila aliporudi alipitia kwa mama na zawadi. Mama hakumfukuza wala hakumnunia. Hilo Kadi angeweza kulivumilia. Alimpangusia kiti cha wageni na kumtolea kikombe cha wageni.

"Karibu, refa. Umesafiri salama?"

"Mama, ni mimi. Mwanao."

"Wanangu walikuwa wawili, refa," mama alimjibu kwa upole, akimimina chai. "Mmoja tumemzika. Mwingine alikwenda uwanjani naye siku ile, hajarudi mpaka leo. Kunywa, chai itapoa."