Jaza, Mama

Piano yetu ya kwanza ilikuwa na kibonyezo kimoja bubu, katikati kabisa. Niliinunua chakavu kwenye hoteli iliyofungwa, na fundi alipotaka muda wa kutafuta kipuri nilimwambia aende zake. Vingine vyote si vinalia? Binti yangu alikuwa na miaka sita. Kile bubu alikigonga kwa nguvu kuliko vyote, kama anayebisha hodi kwa kiziwi. Kikitoa "tok" tu, anapaza sauti: "Mama, jaza!" Nami jikoni, mikono ndani ya masufuria, naiimba noti iliyokosekana: "Uuu."

Miaka arobaini baadaye watu wanapanga foleni kumsikiliza akipiga jazi. Wataalamu wameandika kurasa na kurasa juu ya ile noti yake moja inayopigwa kama msumari. Wanaiita falsafa. Sijawasahihisha.

Juzi alikuja kupiga hapa mjini kwetu, ukumbi umejaa hadi ngazini. Wakati wa mapumziko nilimkuta jukwaani, nyuma ya pazia, na fundi wake wa piano, fundi kichwa kimezama ndani ya chombo.

"Nyundo inayogonga waya wa noti yake imekatika," fundi akasema. "Ile ile! Kila mji ananivunjia hii hii. Gundi haikauki kabla ya kesho."

"Basi piga wimbo mwingine," nikamwambia binti yangu.

"Huo ndio waliokuja kuusikia, Mama. Na bila noti hiyo hauna moyo." Kisha akanitazama, nikaelewa.

"Weee! Mimi? Nina miaka sabini na mbili, na viatu hivi vinanibana."

"Vivue."

Nikaketi kando yake pekupeku, mbele ya watu elfu mbili. Akaanza.

Nimemsikia mwanangu akipiga tangu hajui kufunga vifungo vya sare, lakini mikono ile sikuwahi kuiona kwa karibu vile. Wa kushoto ulitembea kama mtu anayeijua njia hata gizani. Wa kulia ulicheka, ukabisha, ukaomba radhi, ukabisha tena. Nilisahau kwamba nilimzaa mimi. Nikasahau na kazi iliyoniketisha pale.

Tok.

Ukumbi ukashika pumzi. Hakusimama. Akazunguka mbali, akarudi mlango ule ule.

"Mama," akanong'ona bila kugeuka, "jaza."

"Uuu."

Ilitoka imekwaruza, lakini mahali pake. Akaipokea, akaijengea juu ghorofa baada ya ghorofa, na kila tok nikampa tofali lingine. Mwili ulinisisimka hadi nyayoni. Watu elfu mbili, na hakuna hata mmoja aliyekohoa.

Alipomaliza, kabla makofi hayajaanza, nilitupa jicho pembeni. Fundi alisimama kando ya pazia na chupa yake ya gundi, inamchuruzika mkononi, hana habari.