Baridi ya Mama Phelista

Saa mbili kamili asubuhi, Jumatatu ya pili ya mwezi wa Machi, Nabwile alifungua chumba cha dawa cha kituo cha afya kilicho nje kidogo ya Matulo, akavaa koti lake jeupe, akasoma kipimajoto cha friji na kuandika nne kwenye chati. Kisha akatazama mita ya stima. Ilikuwa imebaki yuniti moja na nusu. Akachukua simu anunue tokeni. Simu ikamwambia ajaribu tena baadaye. Akajaribu mara sita, akailaza mezani kifudifudi.

Kufikia saa nne ilijulikana kwamba mtandao umeanguka nchi nzima. Pesa za simu hazikwenda. Benki za Bungoma zilifunga milango na kuweka askari nje. Tokeni hazikutoka kwa sababu mtambo wa kuzitoa ulikuwa umelala pamoja na mingine yote. Jenereta ya kituo ilikuwepo, lakini dizeli yake ilitolewa kwa kadi, na mashine ya kusoma kadi ilisema hakuna mawasiliano. Saa tisa na dakika kumi friji ilinguruma, ikatetemeka, ikanyamaza.

Ndani mlikuwa na chupa mia moja na arobaini za insulini, za wagonjwa ishirini na watatu, za kuwafikisha mwezi wa Juni. Chupa ikishatoka kwenye baridi ina wiki nne tu za kutumika, na chini ya mabati ya Machi hata hizo wiki nne ni za kubahatisha. Hakuna aliyejua mzigo mwingine ungekuja lini. Hata kuagiza mzigo kulifanywa kwa mtandao.

Nabwile alitoa boksi la kwanza akaliweka kifuani, ndani ya koti. Baada ya robo saa akachomeka kipimajoto hapo. Kilisoma nne.

Hakuna aliyeshangaa. Kifua chake kilikuwa baridi tangu Phelista afe, miaka miwili iliyopita, na watu walishazoea. Uji ulipoa mkononi mwake kabla hajaketi. Mumewe Mukhisa alilala upande wake wa kitanda na blanketi tatu. Kanisani, wakati wa kiangazi, akina mama wauza maziwa walimkalisha katikati ya mitungi yao mpaka ibada iishe, kisha wakamshukuru na kwenda sokoni.

Phelista alikuwa bintiye, miaka kumi na mitano, kidato cha pili katika shule ya bweni mjini Kitale. Insulini yake ilitoka katika stoo moja ya jumla ya mji huo, iliyogawa dawa mpaka Bungoma na milimani. Mtunza friji wa stoo alikuwa Wakoli. Chati ya joto hujazwa mara mbili kwa siku, na anayejaza husoma kipimajoto kwanza. Wakoli alijaza mwezi mzima tarehe mosi asubuhi, kwa kalamu moja, akinywa chai: nne, nne, tano, nne. Mwezi ule friji yake iligandisha kila kitu kwa siku tatu. Insulini iliyoganda ikayeyuka haifanyi kazi, na kwa macho huwezi kuitofautisha na nzuri. Phelista alijidunga siku nne kama alivyofundishwa na mama yake. Siku ya tano akafa. Kamati ya uchunguzi iliitazama chati, ikaikuta haina kosa. Wakoli alipandishwa cheo akawa mkuu wa stoo.

Nabwile hakupiga kelele wakati ule. Alirudi kazini baada ya wiki mbili na kuendelea kusoma friji yake asubuhi na jioni.

Sasa Jerono, nesi wa kituo, alimshonea aproni ya mifuko mingi kutoka shuka la wadi. Chupa zote mia moja na arobaini zikaingia. Nabwile akaketi kwenye kiti cha chumba cha dawa, kipimajoto kikining'inia shingoni, na kazi ikaendelea. Wagonjwa walikuja dirishani, akachomoa chupa mfukoni, akaandika jina kwenye daftari la watoto la kurasa tisini na sita, akawapa.

Shida haikuwa kupata baridi. Shida ilikuwa kuiwekea kiasi. Insulini inataka kati ya mbili na nane. Nabwile akimfikiria Wakoli na tai yake, au Wakoli akisalimiana na watu harusini, kipimajoto kilikaa nne siku nzima bila kusumbua. Akimfikiria Phelista mwenyewe, kilishuka haraka kuelekea kugandisha. Kwa hiyo alijikataza kumfikiria bintiye saa za kazi, na saa zote zilikuwa za kazi. Jerono alisoma, akaandika kwenye chati na kutangaza kila nusu saa.

"Mama Phelista, mbili na nukta moja," alisema Jumanne alasiri. "Hebu mwache Wakoli kidogo. Mfikirie yule wa mishahara."

Nabwile akamfikiria karani wa mishahara, aliyemcheleweshea malipo mara mbili tu, na kipimajoto kikapanda hadi tano.

Jumatano alichoka. Alikuwa hajalala ila kwa kusinzia, na mtu aliyechoka hata kinyongo humlegea. Kipimajoto kilifika saba na nusu. Wagonjwa waliokuwa kwenye benchi waliona ni haki wasaidie, wakampa machungu yao kwa zamu. Mmoja alieleza jinsi shemeji yake alivyosogeza mpaka wa shamba. Mwingine wa kutoka Sirisia alieleza habari ya ng'ombe. Nabwile aliwasikiliza kwa makini, lakini machungu ya wengine yalimpunguzia nusu digrii tu. Ndipo Nakhungu, bibi wa miaka sabini na sita aliyekaa mwisho wa benchi, akainua fimbo yake.

"Huyo mtoto wangu," alisema, "anasimikwa mzee wa kanisa Jumapili hii. Ameshonesha suti."

Nakhungu ndiye aliyemzaa Wakoli. Alikuwa pia mgonjwa wa kumi na tisa kwenye daftari. Kipimajoto kikarudi nne, na Nabwile akamwambia asante, Kukhu, bibi yangu.

Alhamisi saa tano Wakoli mwenyewe alifika kutoka Kitale. Alikuja na pasta na mama wawili wa kanisa waliobeba kreti ya soda. Katika kanisa lao mtu hasimikwi uzee kama kuna muumini mwenye neno naye, na barua ya amani ilikuwa imeshachapwa, imebaki sahihi ya Nabwile. Pasta aliomba kwa kirefu. Kisha Wakoli akapiga magoti kwenye saruji, akaanza kusema.

Alisema vizuri. Alisema jina la Phelista bila kukwepa. Alisema kuna asubuhi anaamka na kuona kalamu ile ile mkononi. Machozi yake yalikuwa ya kweli, na Nabwile, ambaye alikuwa amengoja maneno hayo miaka miwili na siku nne za kutolala, alihisi kitu kikilegea katikati ya kifua. Mikono yake ikapata joto. Aliitazama kama mikono ya mtu mwingine.

"Sita," Jerono alisema.

Wakoli akaendelea.

"Saba. Saba na nusu. Mama Phelista, ukimsamehe saa hii, dawa imeenda."

Pasta alisema Mungu anaweza kutunza dawa pia.

"Pasta, si wewe unadungwa," Nakhungu alisema kutoka kwenye benchi.

"Nane," Jerono alisema.

Nabwile alifunga vifungo vya koti mpaka juu, ingawa haikusaidia. Kisha akamuuliza Wakoli swali alilomuuliza kila mtu wa dawa tangu Jumatatu.

"Nani anasoma friji yako leo?"

"Stima hakuna, dada. Hakuna cha kusoma."

"Chupa ziko wapi?"

"Nimezitunza. Nimezifukia kwenye barafu ya wauza samaki."

"Ndani kabisa?"

"Ndani kabisa. Usiwe na wasiwasi."

"Na chati?"

Wakoli akatazama kreti ya soda. "Chati iko."

"Imejazwa mpaka tarehe gani?"

Alikuwa bado amepiga magoti, na labda ndiyo sababu hakuweza kusema uongo. "Thelathini na moja," alisema.

Siku hiyo ilikuwa tarehe kumi na mbili.

"Tano," Jerono alisema. "Nne. Tatu. Mbili na nusu. Mama, mtu wa mishahara, haraka. Mbili. Imesimama."

Nabwile alivuta pumzi mpaka kipimajoto kikasoma tatu. Akamwambia Wakoli ainuke, sakafu ni chafu.

"Asante kwa kuja," akasema. "Umenisaidia sana."

Barua hakuisaini. Soda zilibaki, na kwa kuwa ziliwekwa karibu na kiti chake, wasio na kisukari walizinywa zikiwa baridi. Pasta, mtu asiyependa safari irudi bure, aliandika chini ya barua kwa mkono wake kwamba pande mbili zimekutana. Wazee waliisoma wakaona inatosha. Jumapili Wakoli alisimikwa.

Mtandao ulirudi Jumamosi adhuhuri. Tokeni zikatoka, friji ikawaka, na Nabwile akarudisha chupa mia moja na ishirini na moja, baada ya kuwapa wagonjwa kumi na tisa. Alilala mpaka Jumatatu, na Mukhisa akalala jikoni.

Jumanne afisa wa afya alikuja kutoka Bungoma na fomu. Aliona friji ilikuwa imezimwa siku tano. Nabwile akamwonyesha chati, iliyojazwa kila nusu saa, mchana na usiku, pamoja na ile mbili iliyotisha na ile nane. Afisa alichomeka kipimajoto chake mwenyewe kwenye kwapa la Nabwile, akangoja, akasoma nne. Aliuliza kama ana cheti cha ukaguzi. Hakuwa nacho. Afisa akamwandika upande wa vifaa, jokofu la dharura, moja, linafanya kazi, kisha akaeleza kwamba kifaa kisicho na cheti hakiwezi kutunza dawa, kwa hiyo chupa zake ziteketezwe. Zingeletwa nyingine kutoka Kitale, ambako chati ilikuwa safi kabisa, haikupanda wala kushuka.

Nabwile alisema sawa. Aliomba jambo moja tu, kwamba mkuu wa stoo azilete mwenyewe.

Wakoli alizileta Alhamisi akiwa na suti mpya. Benchi lilikuwa limejaa. Afisa alikuwepo kushuhudia makabidhiano. Nabwile alifungua boksi la kwanza mbele ya wote, akachukua chupa ya juu na sindano mpya, akavitia mkononi mwa Wakoli.

"Wa kwanza leo ni mama yako," alisema. "Mdunge."

Nakhungu alikwisha kupandisha blauzi upande mmoja wa tumbo. Ngozi yake ilikuwa na alama ndogo ndogo za miaka mingi.

Wakoli alivuta dawa. Ilikuwa angavu, kama inavyotakiwa kuwa. Akaielekeza sindano juu, akatoa hewa, akainama. Akabaki ameinama.

"Haya, mwanangu," Nakhungu alisema. "Si chati inasema nne? Mimi nangoja. Nimekungoja miezi tisa, bana, dakika kumi ni nini?"

Sindano ilikuwa inatetemeka. Nabwile alikunja mikono akamtazama Wakoli, na mabati juu yao yakaanza kudondosha umande ingawa ilikuwa saa sita mchana. Watu wa benchi walisogea wasilowe. Alimtazama kwa dakika nane, na katika hizo dakika nane alimfikiria Phelista, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu ile, jinsi alivyopenda kujidunga mwenyewe na kukataa kusaidiwa. Dirisha la chumba cha dawa likafunikwa na barafu. Friji, ambayo ilikuwa imefungwa, haikudhurika.

Wakoli aliweka sindano mezani. Akatoka nje, akaketi ndani ya gari la stoo, na kuangalia mbele. Nakhungu akashusha blauzi.

"Mmeona," Nabwile akawaambia wote, na zaidi afisa.

Afisa alikuwa ameona. Aliandika kwamba mkono wa mkuu wa stoo ulitetemeka, huenda kwa uchovu wa safari, na kwamba wagonjwa wa Matulo hawakuridhika na mzigo. Hofu ya mtoto kwa mama yake, alieleza, si kipimo cha maabara. Kwa sababu wagonjwa walikuwa wengi na wameinuka, alikubali chupa za zamani zitumike mpaka Juni na amri ya kuteketeza ingoje. Maboksi ya Kitale, ambayo kwenye karatasi hayakuwa na kosa, yalifungwa upya kwa gundi. Jioni hiyo hiyo yalipelekwa kwa pikipiki kituo cha Kapsokwony, milimani, ambako walikuwa wameishiwa.

Nabwile alipiga simu Kapsokwony. Simu ilipokelewa na mwanamume mwenye sauti ya heshima, mtu wa dawa kama yeye. Alimweleza habari ya barafu ya samaki, ya sindano, na ya bintiye. Yule mwanamume alimsikiliza mpaka mwisho, akampa pole ya mtoto. Kisha akamwambia asiwe na shaka, mzigo umeshafika, chati wameikagua, na kwa kweli hajawahi kuona iliyojazwa vizuri hivyo.

Alipokata, kioo cha simu kilikuwa kimeota barafu. Akakipangusa kwa sketi, akasoma friji, akaandika nne, akaita anayefuata.