Kipa wa Asilimia Hamsini na Saba

Roho ilimchafuka Mzee Glovu kabla hata kikao hakijaanza. Kisa si chai ya baridi, wala harufu ya rangi waliyopaka ukutani ili wageni wasione ufa. Kisa ni ukuta wenyewe. Walikuwa wamewasha projekta, na pale juu palikuwa na picha ya mpwa wake, kipa namba moja wa klabu, na chini ya kidevu chake wamemwandikia 57, nyekundu, kubwa kama bei ya sabuni dukani. Pembeni yake alikuwa Sarakasi, kipa namba mbili, anacheka na 73 yake ya kijani.

Sarakasi, jamani. Mtu ambaye mpira ukimjia kifuani anajirusha kwanza, anajiviringisha mara mbili, ndipo anaudaka, na jukwaa zima linasimama. Mzee Glovu ndiye kocha wa makipa, amefanya kazi hiyo miaka ishirini na sita, na tangu lini mtu wa namna ile akawekwa meza moja na kipa wa kweli? Alikunja uso, akavuta kiti, akakaa.

Mchambuzi wa takwimu, kijana mpole mwenye miwani, alieleza taratibu. Mpwa wa mzee alipigiwa mashuti sitini na moja yaliyolenga lango, akaokoa thelathini na tano. Sarakasi alipigiwa sabini, akaokoa hamsini na moja. Kamati ilikuwa imekata shauri kwamba kipa atakayemaliza msimu chini ya asilimia sitini haongezewi mkataba, na ilikuwa imebaki mechi moja tu.

"Huyu amefungwa ishirini na sita katika mechi ishirini na nne," Mzee Glovu akasema. "Yule kafungwa kumi na tisa katika mechi kumi. Hesabu hiyo nayo hamuioni?"

"Hiyo ni kazi ya mabeki, mzee wangu," mwenyekiti akajibu, huku akifuta mdomo kwa leso. "Wakicheza na mpwa wako wanalinda vizuri, mashuti hayafiki. Asilimia ndiyo ya kipa mwenyewe."

"Mabeki ni walewale! Mashuti hayafiki kwa sababu anatoka. Krosi ikipigwa anaifuata, anaidaka hewani kabla mtu hajaigusa. Shuti litatoka wapi wakati mpira uko mikononi mwake? Yanayobaki ni yale ya mtu na mtu, ambayo hata wewe ungefungwa."

Mwenyekiti alicheka kwa pua. "Mzee, wewe ni mjomba wake. Takwimu hazina mjomba."

Wajumbe wakacheka, wakamtazama mwenyekiti kuona kama wamecheka vya kutosha. Watu wazima hovyo. Mmoja alikuwa anatafuna karanga na kufagilia maganda chini ya meza kwa kiatu, na huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kutikisa kichwa.

Mzee Glovu akamgeukia mchambuzi. "Wewe kijana una akili. Hizo krosi alizodaka umeziweka wapi?"

Kijana alivua miwani, akaonekana kuona haya. "Sina mahali pa kuziweka, mzee. Mimi najaza kompyuta kutokana na fomu unazonipa wewe kila wiki."

Akazungusha fomu moja mezani. Mzee Glovu aliitambua mistari yake mwenyewe, aliyoichora kwa rula zamani kabla klabu haijanunua hata kompyuta: mashuti, aliyookoa, aliyofungwa, basi. Krosi hazikuwamo. Enzi zake kipa kudaka krosi ilikuwa kama mpishi kunawa mikono, nani anakaa kuhesabu jambo kama hilo? Kwa miaka yote hiyo alikuwa amemfundisha mpwa wake kazi moja, kisha jioni anakaa kuijazia karatasi isiyoitambua. Alijichukia hadi masikio yakamuwaka moto.

Aliomba waongeze safu moja kwenye fomu na warudie picha za mechi zote. Mwenyekiti akasema kipimo hakibadilishwi mwisho wa msimu kwa ajili ya mtoto wa dada wa mtu, na akazima projekta.

Jioni alikwenda kwa dada yake, akamkuta kwenye cherehani, na habari ilikuwa imeshamfikia. Hakunyanyua uso, aliendelea kupitisha kitambaa chini ya sindano.

"Kaka, mwanangu alikuwa na kazi yake pale karakana. Alikuwa fundi mzuri wa kuchomelea. Wewe ndiye uliyekuja hapa, ukakaa kwenye kiti hichohicho, ukaniambia nimwachie, utamfanya mtu."

"Nakumbuka."

"Ana miaka thelathini na mmoja. Wakimwacha kwa fedheha ya kwamba hajui kudaka, nani atamchukua? Na kule karakana nafasi yake ina mtu." Akakata uzi kwa meno. "Sisemi mengi. Fanya uwezalo, ila usinirudishie mtoto mikono mitupu."

Mzee Glovu alichukua chaki ya kukatia nguo, akapiga hesabu juu ya karatasi ya kupimia. Kipa wa aina ya mpwa wake hupigiwa mashuti mawili au matatu kwa mechi. Akiyaokoa matatu yote, bado hafiki sitini. Anahitaji manne bila kufungwa hata moja, au sita akifungwa moja. Aiangalie namna yoyote, jibu lilikuwa lilelile la kutia kinyaa: ili aonekane kipa bora, lazima wampige zaidi, na ili wampige zaidi, lazima aache kufanya kazi yake.

Ijumaa, baada ya mazoezi, alimvuta pembeni nyuma ya goli.

"Kesho usitoke," akamwambia. "Krosi ziache. Kaa mstarini."

Mpwa alidhani ni mzaha, akatabasamu. Alipoona mjomba hacheki, tabasamu likamwishia. "Mjomba, unaniambia nisidake?"

"Nakwambia udake wakishapiga."

"Na Mkongwe je? Mabeki wote wamezoea kuniachia ile mipira."

"Mkongwe ni beki wa kati, ana kichwa chake. Mechi moja tu. Mechi yenyewe haibadilishi lolote kwenye msimamo. Ukishasaini tunarudi kwenye mpira wetu."

Kijana wa watu alisimama akibandua na kubandika kifungo cha glovu, muda mrefu. Alikuwa amemtii mjomba wake tangu akiwa mtoto, na hata sasa hakujua njia nyingine. "Sawa, mjomba," akasema, bila kumtazama.

Jumamosi watu walipata burudani ya mwaka. Wageni walipiga krosi, kipa akabaki mstarini, mpira ukadondoka, shuti, kipa akapangua. Krosi tena, vurugu, shuti, kipa akapangua tena. Jukwaa lilikuwa limechachamaa, eti leo kipa kaamka. Sarakasi mwenyewe alikuwa anapiga makofi kwenye benchi. Mzee Glovu alikaa na fomu yake gotini, akichora vijiti. Alikuwa amemtengeneza kipa mzuri, na sasa anamtazama akijifanya kipa mbovu huku dunia ikimshangilia.

Dakika ya sabini na mbili ikapigwa kona. Mpira ulipaa na kuning'inia hatua nne kutoka mstarini, mpira wa kipa tangu mpira ulipobuniwa. Mkongwe, nahodha wa miaka kumi, alianza kupiga hatua kuupisha, kama alivyoupisha siku zote. Kisha akageuka, akaona hakuna aliyeufuata. Aliruka kwa kuchelewa. Mshambuliaji wa wageni alikuwa ameshakuja kwa kasi, na kichwa chake kikampata Mkongwe usoni. Mlio ulisikika hadi kwenye benchi. Mpira ukawaangukia wageni, ukapigwa, ukaingia.

Walimtoa Mkongwe kwa machela, taulo juu ya uso. Mechi iliendelea. Kipa akaokoa mengine mawili.

Moja bila, wamefungwa, na mwenyekiti akaingia chumba cha kubadilishia nguo ametandaza mikono kama yuko harusini. "Mashuti tisa, manane kaokoa! Mchambuzi wangu amepiga hesabu pale pale: sitini na moja! Mzee Glovu, si nilikwambia? Kumbe kijana alihitaji kusukumwa kidogo tu." Akampiga kipa mgongoni. "Jumatatu njoo ofisini usaini."

Kipa alikuwa ameinama kwenye sinki, ananawa mikono. Aliendelea kunawa. Mzee Glovu alimtazama mwenyekiti, meno yake, leso yake, tumbo lake lenye furaha, na akaona kwamba hata akimtemea mate usoni hatakuwa ametema mahali panapostahili zaidi, yaani usoni mwake mwenyewe. Alitoka bila kuaga.

Hospitali walimwonyesha wodi iliyo mwisho wa korido. Mke wa Mkongwe alikuwa ameenda dirishani kuchukua dawa. Mkongwe alilala chali, nusu ya uso imefungwa bandeji, nusu nyingine imevimba na kubadilika rangi.

"Mfupa chini ya jicho umevunjika," akasema kwa shida. "Daktari anasema jicho lenyewe hawajui bado. Huenda lisione vizuri tena." Akavuta pumzi. "Kocha, yule kijana alipatwa na nini? Miaka saba nacheza mbele yake. Kona ikija namsikia anaita, nampisha. Leo nilingoja sauti yake. Nikasema labda hajaniona, labda kaumia. Ameumia?"

Hapo Mzee Glovu alikuwa na uongo wa kila aina, tena mzuri. Jua lilimpiga machoni. Aliteleza. Angeweza kuchagua wowote na Mkongwe angeukubali, kwa sababu alimpenda kijana yule.

"Hajaumia," akasema. "Mimi ndiye niliyemwambia asitoke."

Jicho moja lilimgeukia. "Kwa nini?"

"Asilimia zilikuwa haba. Wangemwacha. Nilitaka apigiwe mashuti mengi ayaokoe."

Kitanda cha pili mtu alikuwa anakohoa, na muuguzi alipita na kitoroli cha dawa, kikawapita, kikaishilia koridoni.

"Imefika ngapi?" Mkongwe akauliza.

"Sitini na moja."

"Mpe hongera," Mkongwe akasema, kisha akageuzia ukutani ule upande wa uso wake uliobaki wazi.