Birika la Udhu

Siku waziri aliposema redioni kwamba nchi yetu haina askari hata mmoja kwenye vita vya jirani zetu, ng'ambo ya ziwa, nilimpenda waziri yule kama ndugu wa tumbo moja. Nilikuwa nachambua kamba wakavu niliowanunua Salale. Nikawaacha kwenye ungo nikaisogelea redio. Aliyemchokoza ni mbunge wa upinzani, Mwanabibi Saadi, mtoto wa hapa hapa Kibiti. Alikuwa ameuliza inakuwaje serikali ijiite mpatanishi mbele za watu, huku kwa mlango wa nyuma inapeleka vijana wetu kupigania upande mmoja. Waziri akacheka, na ukumbi mzima ukacheka naye. Akasema mheshimiwa alete jina, hata moja tu, la askari aliyevuka ziwa. Akishindwa mpaka kikao kinafungwa, aombe radhi mbele ya Bunge.

Jina mimi nilikuwa nalo. Mwanangu wa pekee, Salumu, ni askari. Aliondoka kabla ya Ramadhani na tangu hapo kimya. Usiku wa kuaga alimwambia mkewe Sihaba kwamba wanavushwa ziwa, na kwamba asimwambie mtu. Sihaba akaniambia mimi, maana mimi si mtu, mimi ni mama.

Lakini kulitoa jina hilo, thubutu! Hesabu yangu ilikuwa nyepesi. Kama hatuna askari kule, basi Salumu hayuko kule. Kama hayuko kule, hakufia kule. Waziri mzima kasema, mimi muuza kamba ni nani hata nimbishie?

Ijumaa Mwanabibi akapiga hodi kwangu. Alikuja peke yake kwa miguu, na hilo tu lilinitia wasiwasi, kwa sababu mbunge asiye na gari huwa anataka kitu kikubwa.

"Shikamoo, Bi Mwanajuma."

"Marahaba. Uchaguzi umeshapita, unatafuta nini?"

"Nimesikia Salumu haonekani."

"Umesikia kwa nani?"

Akaketi mkekani. Basi akili yangu ikaanza kupita nyumba kwa nyumba. Ni Tatu, jirani yangu anayekuja kuazima chumvi na kuondoka na habari? Au Dadi wa duka la mitumba, ambaye siku hizi ananisalimia kwa heshima nisiyoielewa? Hata Sihaba nilimtazama mara mbili. Alikuwa anasuka ukili na hakuinua kichwa.

"Nikimtaja mume wangu naye yuko hai huko," Sihaba akasema, "watamfanya nini?"

"Sijui, mdogo wangu," akasema Mwanabibi.

Sijapata kumsikia mwanasiasa akisema hajui. Nilidhani ni ujanja mpya uliotoka mjini pamoja na vyama vingi. Nikamwambia anataka kupandia mgongo wa mwanangu ili azidi kusikika redioni. Nilimwambia na mengine ambayo sitayarudia. Akainuka, akaaga vizuri, akaenda zake.

Haikupita juma, akaja mgeni mwingine. Gari lake aliliacha barabarani, kwenye mikorosho. Alivaa shati la maua na kofia safi ya kiua, akasema anaitwa Bwanaheri, kwao Ngarambe, na anafanya kazi pamoja na Salumu.

"Anawasalimu sana, mama. Yuko kozini, nchi za nje. Mzima kabisa. Hata kanenepa."

Nililia. Nilimshika mikono nikalia kwa furaha, sioni haya kusema. Alileta doti ya kanga na sukari, akasema ametumwa na Salumu. Nikamwambia Sihaba abandike wali wa nazi, mgeni asiondoke hivi hivi. Wakati tunangoja chakula, akainama kidogo kwangu, akashusha sauti.

"Mtu akiwauliza, mama, semeni hivyo hivyo, yuko kozini. Hasa yule mheshimiwa aliyekuja Ijumaa."

Nilisikia. Hakuna aliyemwambia kwamba Mwanabibi alikuja, wala kwamba ilikuwa Ijumaa. Nilisikia nikayaacha yapite, kwa sababu nilimtaka mwanangu kuliko nilivyoutaka ukweli. Sihaba hakuyaacha. Alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Kaka Bwanaheri, umemwona Salumu kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu, shemeji."

"Basi aape. Mama, tumletee msahafu, ashike aseme amemwona, ni mzima. Nitalala usingizi leo."

Nilitaka ardhi inimeze. Mgeni hajala, unamwapisha! Nikamkaripia Sihaba mbele yake. Bwanaheri akacheka, akasema hapana ubaya, mke ana haki ya kuuliza. Ila akasema hana udhu, na msahafu haushikwi hivi hivi.

"Hilo tu?" nikasema. Nilishaona njia ya kumwaibisha Sihaba. Nikajaza birika maji mwenyewe, lile la plastiki la kijani ninalotilia udhu, nikampa kwa mikono miwili, nikamwonyesha uani, nyuma ya ua wa makuti. Kisha nikashusha msahafu juu ya kabati, nikaupangusa vumbi, nikaufungua kwenye mkeka.

Tukakaa. Sihaba akapakua wali, akaufunika kwa kawa. Nikafikiri, mtu huyu anajua kutawadha vizuri, hana haraka. Nikafikiri, labda anaswali na rakaa mbili. Halafu kule kwenye mikorosho gari likawaka.

Sihaba hakukimbia kwenda kutazama. Mimi ndiye niliyekimbia, sina hata kanga ya kichwa. Nilikuta upenyo kwenye makuti ya ua. Birika nililiokota kando ya barabara, limejaa vile vile nilivyolijaza.

Nilisimama pale na birika langu, na nikajua. Mtu yule aliweza kutudanganya wanawake wawili na kushika mikono ya mama anayelia. Kuudanganya msahafu aliogopa. Nilimchukia, na papo hapo nikamshukuru, kwa sababu kati ya wote waliosema habari za mwanangu, waziri na redio yake, ni yeye tu aliyeniambia ukweli. Aliniambia kwa miguu.

Niliporudi ndani Sihaba alikuwa ameshavua bangili. Nilifungua sanduku langu, nikatoa shuka nyeupe, nikamfunika mabegani. Akaingia eda jioni ile. Shehe Shaabani alipokuja aliniuliza ni nani shahidi wa kifo. Nikamsimulia habari ya birika. Akainua mikono akamwombea Salumu kama wanavyoombewa waliotangulia. Hapo ndipo nilipopiga kelele.

Kesho yake nilikwenda mwenyewe nyumbani kwa Mwanabibi. Kikao cha Bunge kilikuwa bado hakijafungwa.

"Andika," nikamwambia. "Salumu Abdulazizi Mfaume, wa Kibiti. Mkewe yuko eda. Yasome majina yote matatu, usimkate."

Hakuandika mara moja. Alinitazama, macho yamejaa machozi.

"Bi Mwanajuma, nikilisoma jina hili watakuja kwako. Watakuja wengi, na maneno ya kila namna."

"Waje," nikasema. "Birika nimelitundika mlangoni, limejaa maji. Atakayekuja na salamu za mwanangu, atatawadha kwanza, nikimwona. Na huyo waziri wako akishamaliza kukujibu, mwambie maji yapo."