Daftari la Mahudhurio la Darasa la Nne

Jumanne ile ya Machi mwaka 2020, shule zilipofungwa, Mwalimu Ezron alirudi nyumbani Hasamba saa tano asubuhi, daftari la mahudhurio la Darasa la Nne likiwa kwapani. Alimwambia mkewe, Tabita, kwamba ofisini kuna mchwa. Akalifunga kwenye mfuko wa nailoni, akaliweka kabatini chini ya mashuka, akatoka kwenda kupalilia kahawa. Tabita akaendelea na cherehani yake.

Mwezi wa tano Ezron aliugua kifua siku sita, akafariki. Tangu mazishi, Tabita hakufungua kinywa. Wateja walionyesha kitambaa, yeye akaonyesha kwa vidole siku ya kuja kuchukua nguo.

Watoto walianza kuwa wepesi katikati ya mwezi huo. Mtoto aliyezoea kuitwa majina yake matatu kila asubuhi na kujibu "Nipo" hupungua uzito asipoitwa. Redio ilikuwa na vipindi vya masomo, tena vizuri, lakini redio haimjui mtoto wa mtu. Kwanza nyayo zao zilififia kwenye vumbi. Kisha upepo wa Juni ulipoanza, Brayan wa nyumba ya pili alipeperushwa akianua nguo. Alikutwa Tunduma juu ya turubai la lori, kwenye foleni ya mpakani, akarudishwa ameshiba chipsi. Baada ya hapo wazazi waliwafunga watoto kwenye mibuni kwa vipande vya kanga.

Ikupa, binti pekee wa Tabita, alikuwa mwepesi kuliko wote, maana kwao hata "we Ikupa, lete maji" haikusikika tena. Alilala chini ya koti la baba yake lililojazwa mawe mifukoni.

Ikatangazwa kwamba shule zitafunguliwa Jumatatu, tarehe ishirini na tisa Juni. Mwalimu mkuu akatuma ujumbe: kila mtoto afike na sare, barakoa, na uzito wa kutosha kukaa kwenye dawati. Atakayeshindwa kukaa siku hiyo, jina lake litafutwa shuleni. Mwalimu wa Darasa la Nne ataletwa baadaye.

Wiki hiyohiyo Shaban, mfanyabiashara wa Tunduma, alisimamisha Fuso yake mlangoni, akashusha magunia matatu ya chumvi ya Ivuna.

"Mama Ikupa, pole sana na msiba. Chumvi hii ni nzito kama mama mkwe aliyekuja kukaa. Washonee kwenye pindo. Binti yangu Mwanaasha nimemshonea, sasa anatembea kama askari."

Tabita akaitikia kwa kichwa. Wazazi wakaleta sare, na kwa siku nane cherehani haikupoa. Jumapili jioni watoto walijaribiwa barabarani, na nyayo zao zikaonekana. Kina mama wakapiga makofi.

Hasamba nzima inajua kwamba Juni, ukungu ukishuka, chumvi hulia ikawa maji. Ndiyo maana kila nyumba huning'iniza chumvi yake juu ya moshi wa mafiga. Lakini kila mtu alidhani mwenzake ameshalifikiria hilo.

Jumatatu ilikuja na ukungu. Walipofika uwanja wa shule, pindo zilikuwa zinachuruzika na soksi zimelowa maji ya chumvi. Madarasa mengine yalishaitwa majina na walimu wao, lakini watoto wa Darasa la Nne wakaanza kuinuka, kwanza usawa wa kiuno, kisha usawa wa paa.

"Jamani, nikamatieni huyo wangu!" mama yake Brayan alipaza sauti. "Anaijua njia ya Tunduma!"

Mwalimu mkuu alikuwa amesimama mlangoni na kalamu mkononi. Ikupa alikuwa ameshaupita mkaratusi ulioning'inizwa rimu ya lori, ambayo ndiyo kengele ya shule. Alikuwa akizidi kuwa mdogo kama kunguru.

Tabita alikuwa amekuja na daftari ili alirudishe. Akalitoa kwenye nailoni. Alitamani aende moja kwa moja kwenye jina la mwanawe, lakini Ezron hakuwahi kuruka jina, na watoto wale waliujua utaratibu wake. Akaanzia juu.

"Brayan Edson Haonga."

Sauti ilikwaruza kama cherehani iliyokosa mafuta.

"Nipo!"

Brayan akashuka, visigino vikapiga chini. Tabita akaweka alama ya vema, akaendelea. Wavulana wakaisha, akageuza ukurasa. Agnes akashuka, Anastazia akashuka.

"Ikupa Ezron Nzunda."

Ikupa akazidi kupaa. Ezron alikuwa akiita mara mbili tu, kisha anaweka mkasi, alama ya asiyekuwepo. Tabita akavuta pumzi, akaita mara ya pili kama alivyoita yeye, akilivuta lile jina la mwisho.

"Nipo, mama!"

"Sema nipo tu," Tabita akasema. "Hapa ni shule."

"Nipo!"

Ikupa akashuka karibu na mkaratusi, na viatu vyake vikazama kwenye vumbi hadi kwenye kamba. Vigelegele vikaenda hadi mashambani, na mtu akaipiga rimu bila kuagizwa. Tabita hakugeuka, maana majina yalikuwa bado. Watoto sitini na wanne waliitwa, na sitini na wanne wakaingia darasani. Madawati yakalia kwa uzito wao. Mwalimu mkuu akarudisha kalamu mfukoni.

"Asante, mama," alisema. "Mwalimu ataletwa wiki ijayo."

Ikupa sasa yuko kidato cha pili, Vwawa. Mwalimu wa Darasa la Nne hajaletwa. Kila siku ya shule, saa moja na nusu, Tabita huacha cherehani, huenda kuita majina, huandika tarehe ubaoni, kisha hurudi kwenye kazi yake. Watoto hubaki wamekaa.