Mbegu Mbili, Kitambaa Kimoja

Mbegu ya pamba ya kampuni haikuota kwenye kitambaa kibichi walichoijaribia darasani, na mchana ule wazazi walikuwa wanakuja shuleni kuichukua.

Mwalimu Nyanjige aliliona hilo kabla ya darasa la sita kuliona. Zamani angegeukia ubao, akaandika sababu, watoto wakanakili. Lakini likizo iliyopita alikaa kituo cha utafiti wa pamba, na jaribio lake la kwanza lilipoharibika, mtafiti alimkatalia kulitupa. "Niambie kwanza kwa nini," alimwambia, akamwacha nalo.

"Kwa nini?" akawauliza watoto.

"Maji yamezidi!"

"Kuna mtu kairoga!" Wakacheka.

Kwandu, binti wa dawati la mbele, hakucheka. "Siyo maji, mwalimu. Hizi za bibi yangu, alizoziweka akiba nyumbani, ziko kitambaa hichohicho, maji yaleyale. Mbona zimeota?"

Kweli. Upande wa bibi palikuwa na vichipukizi vyeupe. Upande wa kampuni palinuka uozo.

Masele, mwalimu mkuu, aliingia bila hodi. Tangu biashara ya pamba iachiwe watu binafsi, naye alikuwa wakala wa kampuni hiyo ya kununua pamba: chukua mbegu kwa mkopo, deni likatwe kwenye mavuno. Magunia ya mbegu hiyo yalijaa ofisini kwake.

"Mwalimu, hii ni sayansi au umbea? Funika takataka hizo. Andika ubaoni, wanakili."

"Ni kuota kwa mbegu. Kumo kwenye muhtasari."

"Kiburi hicho umekitoa kwa watafiti."

"Kwandu," alisema Nyanjige, "shika upande huo."

Wakakitoa kitambaa nje, darasa zima nyuma yao. Wazazi walikuwa wameshafika na baiskeli. Watoto wakaeleza wakikatana maneno. Milembe, bibi yake Kwandu, akaiminya mbegu ya kampuni; ikapasuka kama uji.

"Bhabha Masele, hii wewe ungeipanda shambani kwako?"

"Mimi... msimu huu silimi."

Kicheko kilicholipuka pale kiliwafanya kina mama washikane mabega. Baiskeli zikaondoka bila gunia hata moja, na darasa la sita likashangilia mpaka sauti zikakauka.

Kabla ya mvua za kupandia, Nyanjige alihamishiwa shule ya mbali, Mwandoya. Wiki ya kwanza tu akawatoa watoto nje, wakapime udongo.

Siku ile ya kitambaa ilimgharimu nyumba ya shule, shamba alilokwisha kulilima, na msimu mzima wa kuishi mbali na mumewe.